Viongozi wa chama tulionao nawarudisha, angalau hadi Julai ilipwe. Njooni tubishane

Chaki Kavu (mwanzisha uzi)

Habari zenu walimu.

Wiki tatu hizi nimekuwa nasoma tu kwenye kundi la WhatsApp la tawi letu la UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu Kenya, siandiki neno. Kila kukicha ni picha mpya ya mgombea: suti ya buluu, tabasamu, kaulimbiu, namba ya simu. Jana mwenzangu wa idara akanibana mbele ya watu pale mkahawa wa wafanyakazi: "Mwalimu, wewe uko wapi?" Nikamwambia nitaandika. Ndiyo haya.

Mimi nawapigia kura walewale. Sina undugu nao. Katibu wetu wa tawi tulikosana vibaya mwaka 2018, katika ule mgomo uliozidi miezi miwili, nikamwita jina ambalo hapa wasimamizi watalifuta. Tangu siku hiyo hatujanywa chai meza moja. Kwa hiyo anayetaka kusema nimenunuliwa atafute lingine.

Sababu yangu ni ya kihesabu. Tunadai, na deni liko nusu.

Kwa wanaochungulia uzi huu bila kujua chanzo (najua hata wanafunzi wetu wamo humu): mkataba wa pamoja wa mishahara wa 2017–2021 ulisainiwa, ukapelekwa mahakamani, ukawa unalipwa kama dawa ya watoto, kijiko kwa kijiko. Septemba 17, 2025 tukaweka chaki chini, sisi wa UASU na wenzetu wa KUSU, chama cha wafanyakazi wa vyuo wasio wahadhiri. Serikali ikaja na hesabu yake kwamba kilichobaki ni Sh624 milioni. Sisi tukasema ni Sh7.9 bilioni. Hebu zitazameni tena hizo namba. Mtu hakosei kujumlisha akapotea umbali huo. Hapo swali lilikuwa nani ana karatasi na nani hana. Mgomo ukaenda siku 49, na Novemba 5 namba iliyoandikwa kwenye makubaliano ya kurudi kazini ilikuwa yetu, 7.9. Nusu ya kwanza mwezi huohuo, nusu ya pili Julai 2026.

Julai haijafika.

Na mnajua historia yetu na fedha zilizokwisha kusainiwa. Mwaka 2017 tulikaa nje siku 54 hadi Machi, tukapata mkataba wa Sh10 bilioni wa 2013–2017, tukashangilia, tukapigana mabega. Julai tukawa tumerudi barabarani kudai hizohizo. Kabla mwaka haujaisha tukawa nje tena. Mara tatu mwaka mmoja kwa fedha zilezile! Kwetu hapa kusainiwa mkataba ni posa. Mahari ni habari nyingine, na anayeifuatilia mahari ni yule aliyekuwa kikaoni siku ya posa, anayekumbuka mjomba gani alisema nini.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho, maana hoja ya fedha za kitaifa kila mtu anaisoma gazetini.

Awamu ya kwanza ilipoingia kwetu, mimi nilipunjwa. Nilipandishwa cheo katikati ya kipindi cha mkataba, lakini malimbikizo yangu yalipigwa kwa ngazi ya zamani mpaka mwisho. Nikameza kiburi changu cha 2018, nikapanda ngazi hadi ofisi ya tawi. Ile ofisi mnaijua: chumba kimoja, dirisha halifungi, kalenda ya mwaka juzi. Nilimkuta katibu ana daftari kubwa lenye mistari, la karani wa zamani. Kila mwanachama ana ukurasa. Ngazi aliyokuwa nayo Julai 2017, ngazi aliyohamia, tarehe ya barua, alicholipwa, anachodai. Ukurasa wangu ulikuwepo. Kosa langu alikwisha kuliona kabla sijafika, kalizungushia wino mwekundu. Hakunisalimia kwa furaha, na mimi sikumsalimia kwa furaha. Akanionyesha tu kwa kalamu: "Hapa. Leta nakala ya barua."

Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja ametoka Kakamega na basi la usiku. Mumewe alifundisha nasi, alifariki 2022, akiwa amestahili malimbikizo ya miaka yote minne. Ofisi ya fedha ilimwambia mfumo wa mishahara haumtambui marehemu. Mfumo! Naye alikuwa na ukurasa ndani ya daftari lile.

Ndugu zangu wa kundi la mabadiliko, nimewasoma. Nina swali moja tu kwenu: siku mnayokabidhiwa ofisi, mnajua kulisoma daftari hilo?

Maana kubadilisha viongozi wa chama si kama kubadilisha mkuu wa idara. Majina lazima yapelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Watia saini wa benki wabadilike. Aliyeshindwa akienda mahakamani (na nani hapa chuoni akishindwa haendi mahakamani?), mwajiri anakunja mikono: "Hatujui tuzungumze na nani." Miezi mitatu, minne inapita. Ni miezi hiyohiyo ambayo barua za Julai zinatakiwa ziandikwe.

Nimemaliza. Bisheni.

---

Kikokotoo

Mwalimu Chaki, umeandika vizuri kama kawaida yako, lakini hoja yote ingeingia kwenye methali moja: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hesabu yako ina tundu. Deni katika chama hiki halijawahi kukosekana. 2017 tulidai. 2018 tulidai. 2024 tulidai, tukagoma Septemba, tukarudi, tukagoma tena Oktoba. 2025 tukadai. Dkt. Wasonga ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa UASU kitaifa migomo yote hiyo. Ukisema mdai asibadilishwe deni likiwa nusu, umesema asibadilishwe kabisa, kwa sababu hapa deni liko nusu milele. Julai ikilipwa kutakuwa na mkataba wa 2025–2029. Ukisainiwa huo, tutasubiri ulipwe. Watoto wetu watakuja kufundisha chuo hiki wamkute katibu yuleyule na daftari lilelile.

Na tuulizane kwa nini mkataba uliokwisha 2021 ulifika 2025 haujalipwa wote. Daftari lilikuwepo. Wino mwekundu ulikuwepo. Kilichokosekana ni nini?

Tena mitaani tuliambiwa hatukubali kulipwa kwa awamu, zote mara moja au hatuingii darasani. Tukaimba. Tukakubali awamu mbili. Hilo daftari lako limeandikwa ukurasa gani?

Sina chuki na mtu. Ila mgeni njoo, mwenyeji apone.

---

Bi Maabara

Niingilie mimi ambaye si mhadhiri. Niko KUSU, fundi wa maabara, mwaka wa 19 sasa.

Nyinyi walimu mgomo ukiisha mnafidia mihadhara Jumamosi na jioni, wanafunzi wanawapenda tena. Sisi tukirudi tunakuta kemikali zimeharibika, panya wametafuna nyaya, na mkuu wa kitengo anauliza kwa nini vifaa havijahesabiwa. Hakuna anayetuandikia uzi.

Nitasema la kweli hata kama si chama changu. Huko nyuma katika tawi letu wahadhiri walikuwa wakisaini yao wanarudi, sisi tunabaki getini na mabango. Hawa viongozi wenu wa sasa ndio wa kwanza niliowaona wakija kwenye kikao chetu kabla ya notisi ya siku 7 kutolewa, wakakaa viti vya nyuma, wakasikiliza. Na 2025 hawakutoka nje ya geti bila sisi. Mimi sina kura kwenu. Ningekuwa nayo mnajua ningeipeleka wapi.

Kikokotoo, wewe nakujua kwa mwandiko. Siku ile mvua ilitunyeshea pale mzunguko wa barabara, ulikuwa wapi?

---

Kikokotoo

Bi Maabara nilikuwa nasahihisha mitihani ya muhula uliopita nyumbani, kama watu wengi wasiosema. Nakubali. Lakini kutonyeshewa hakuniondolei haki ya kuuliza hesabu.

---

Saa Nne Usiku

Mimi hamnijui na hamtanijua. Ninafundisha madarasa manne ya jioni, mhadhiri wa muda, mwaka wa sita. Nalipwa kwa somo, na malipo ya mwisho niliyopata yalikuwa ya muhula ambao nimeshausahau nilifundisha nini.

Nimesoma uzi wote. Daftari, ukurasa, ngazi, wino mwekundu. Mimi sina ukurasa. Mlipogoma siku 49 mimi sikugoma kwa sababu sina ajira ya kugomea, ila pia sikulipwa kwa sababu hakukuwa na masomo. Mlipolipwa malimbikizo, mimi nilisoma habari kwenye simu nikiwa kwenye matatu.

Walewale au wapya, nani kati yenu amewahi kutaja neno "wa muda" kwenye kampeni? Nimetafuta kwenye mabango yote. Halipo.

---

Chaki Kavu

Saa Nne, nimekaa na ujumbe wako tangu jana usiku.

Huna ukurasa, na katika hili viongozi ninaowatetea hawana cha kujivunia. Niliuliza leo asubuhi. Nikaambiwa mkataba wa pamoja unawahusu walioajiriwa kwa masharti ya kudumu, kwa hiyo chama hakina mguu wa kusimamia. Kisheria huenda ni hivyo. Lakini nikikumbuka kwamba idara yangu haiwezi kufungua mlango bila watu wa aina yako, jibu hilo linanichoma. Na najua chuo kinavyofaidi: mtu akistaafu haajiriwi mwingine, somo linagawiwa watu watatu wa muda. Kila mmoja wenu anayeongezeka ni mwanachama mmoja anayepungua kwetu. Hata kwa ubinafsi mtupu tulipaswa tuwe tumeliona hili zamani.

Sitakudanganya kwamba kura yangu kwa walewale inakusaidia. Haikusaidii.

Kikokotoo, sasa wewe.

La deni lisiloisha umenishika, nakiri. Nimelala nalo. Lakini tofautisha madeni. Kuna kudai kitu ambacho mwajiri anakikana, na kuna kudai kitu alichokwisha kukiandika kwa mkono wake kikiwa na mwezi na mwaka. La kwanza laweza kubebwa na yeyote mwenye ulimi. La pili ni kazi ya karani, ya mtu anayejua kikao cha tarehe fulani kilisema nini. Meza zenyewe mnazijua: kuna mabaraza ya vyuo vikuu yanayozungumza kwa umoja, kuna Tume ya Mishahara na Marupurupu, kuna Wizara ya Elimu, kuna Hazina. Kila meza inakurusha kwa nyingine. Ile Sh624 milioni haikutoka hewani, ilitoka kwenye meza mojawapo na ilikuwa na maelezo yake, mazuri tu kwa mtu asiyekuwepo 2019. Kiongozi mpya angeyakuta maelezo hayo akayaamini kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo ninaloliogopa, wala si wizi.

Kuhusu awamu mbili: ni kweli tuliimba "zote mara moja." Mimi mwenyewe niliimba. Ilipofika wiki ya saba, wangapi kwenye kundi letu walikuwa wanaandika usiku wa manane kwamba mwenye nyumba amefunga mlango? Kiongozi wa mgomo anasoma nguvu za watu wake kuliko anavyosoma mabango. Waliona tunakatika. Mngekuwa nyie mngeona nini?

---

Kikokotoo

Ningeona hivyohivyo. Lakini ningekuja mkutanoni nikawaambia, "Ndugu, nimeshusha dai kwa sababu mmechoka," badala ya kuja na kipaza sauti nikitangaza ushindi mkubwa. Ndiyo tofauti yangu nao.

Na hujajibu kuhusu hesabu za tawi. Ada yetu inakatwa kwenye mshahara kila mwezi kabla hatujaigusa. Hata asiye mwanachama anayenufaika na mkataba anakatwa ada ya uwakala, sheria inaruhusu. Fedha hizo zimesomwa lini mara ya mwisho mbele ya mkutano mkuu? Usiniambie kuhusu daftari la katibu. Nauliza daftari la mweka hazina.

---

Mpita Njia wa Mlimani

Wakuu wa Kenya, nawasoma kutoka Dar. Huku UDASA ni jumuiya ya wanataaluma, si chama cha wafanyakazi kwa maana yenu, na mambo ya mikataba yako THTU, chama cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu. Migomo ya siku 49 sisi tunaisoma kwenu kama riwaya. Ila hilo la kusoma hesabu mbele ya wanachama, wakuu, ni lilelile kila mahali. Endeleeni, nimeweka kiti.

---

Mstaafu wa Tisini na Tatu

Vijana wangu, mjukuu amenionyesha uzi huu. Naandika polepole.

Mnabishana nani awe katibu. Sisi tulibishana kama tutaruhusiwa kuwa na katibu. Mwaka 1993 tuliomba kusajili chama hiki, tukakataliwa. Tukagoma, mgomo ukavuka mwaka ukaingia 1994. Waliokuwa mbele yetu, Korwa Adar na Kilemi Mwiria, walipoteza kazi, na hawakuwa peke yao. Wapo waliotolewa kwenye nyumba za chuo, vitanda nje, watoto wakitazama. Wengine walikwenda kufundisha nchi za watu na hawakurudi. Usajili tuliupata 2003, baada ya serikali kubadilika. Miaka 10 tulikuwa chama kisicho na cheti.

Nawaambia hili kwa sababu moja. Katika miaka hiyo 10 hatukuwa na ofisi wala akaunti wala ada. Tulikuwa na majina ya watu kwenye karatasi, na karatasi ile ilikaa kwa mwenzetu mmoja chini ya godoro. Alipohamishwa, alihama nayo. Alipofariki, tulikwenda matangani na wakati wa kuondoka mkewe akatupa bahasha. Ndipo tukajua kumbe nusu ya majina tulikuwa tumeshayasahau.

Kwa hiyo huyu Chaki Kavu anayeogopa daftari kupotea, namwelewa. Na huyu Kikokotoo anayetaka vitabu visomwe, namwelewa zaidi, maana karatasi ikikaa chini ya godoro la mtu mmoja hiyo si mali ya chama tena.

Nimechoka macho. Kwaherini.

---

Bi Maabara

Shikamoo Prof. Tumekusikia.

---

Wino Mpya

Shikamoo Prof.

Mimi ni mgombea nafasi ya mweka hazina upande wa mabadiliko. Nilikatazwa na timu yangu nisijibu humu ila baada ya Prof siwezi kunyamaza.

Mwalimu Chaki, umeuliza kama tunajua kulisoma daftari la katibu. Jibu: hapana, kwa sababu hatujawahi kuonyeshwa. Niliandika barua mwezi uliopita, kama mwanachama si kama mgombea, kuomba lipigwe chapa na nakala ikae maktaba. Sikujibiwa. Wewe unalisifu kama ngao ya wanachama, na sasa limekuwa ngao ya mwenye nalo. Kama ujuzi wote wa deni letu umo kichwani mwa mtu mmoja na daftari lake, basi kila miaka 5 tutasikia hoja yako hii, na kila mara itakuwa ya kweli, na yeye ndiye anayeifanya iwe ya kweli.

Nami simpingi katibu. Kwa nafasi ile hata mimi sijui nitampigia nani.

---

Chaki Kavu

Wino Mpya, maneno haya ungeyasema kwenye bango lako badala ya ile picha ya suti.

Nimemwendea katibu. Mara ya pili mwaka huu, watu wataanza kusema. Nikamuuliza kuhusu barua yako. Akasema aliiona, akadhani ni ujanja wa kampeni, akaiweka kando. Nikamwambia hata kama ni ujanja, ni ujanja wenye faida. Akanitazama kama alivyonitazama 2018.

Leo mchana karani wa tawi na wanafunzi wawili wa Sayansi ya Kompyuta wameanza kuliingiza daftari kwenye kompyuta. Walipwe chai na nauli, tafadhali, tusiwafanyie tunayofanyiwa. Kurasa ni nyingi na mwandiko wa miaka ya mwanzo ni wa kubahatisha. Nimejitolea kusoma "4" na "9" za karani wa zamani, maana nilifanya naye kazi nikamzoea.

Kuhusu hesabu za tawi: nilimpigia simu mweka hazina wetu wa sasa. Mtu mzuri, jirani yangu, mke wake na mke wangu wako chama kimoja cha akina mama. Alisema hesabu ziko kwa mkaguzi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Unajua mambo yanavyokwenda, mwalimu."

Ninajua yanavyokwenda.

---

Saa Nne Usiku

Chaki, huko kwenye kompyuta wakifika mwisho wa majina waongeze karatasi moja tupu ya watu wa muda. Hata bila namba. Majina tu.

---

Chaki Kavu

Nimewaambia. Wameweka. Jina lako niletee kwa faragha, na masomo uliyofundisha, na mihula. Wengine wa muda mnaosoma, hivyohivyo. Sikuahidi fedha, nasema tena.

---

Kikokotoo

Haya sasa, uzi wa kuwatetea viongozi waliopo umegeuka ofisi ya tawi. Mimi najitolea kulinganisha namba na hati za mshahara. Nina muda Alhamisi.

---

Chaki Kavu (baada ya uchaguzi)

Nimeulizwa nirudi niseme ilivyokwenda, kwa kuwa nilifungua uzi kwa kifua mbele.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Kura zilihesabiwa hadi saa mbili usiku, taa ikazimika mara moja, tukawasha simu, mawakala wa pande zote wakalala juu ya masanduku kama kuku juu ya mayai. Mwenyekiti amerudi. Katibu amerudi, kwa kura chache kuliko alivyotarajia, na alionekana kulifahamu hilo. Mweka hazina ameangushwa. Wino Mpya ndiye mweka hazina wetu.

Mtaniuliza mimi nilimpigia nani nafasi ile. Nilisema hapa nawarudisha walewale wote. Nilikaa kwenye kile kibanda cha maboksi nikiwa na kalamu mkononi, nikakumbuka "unajua mambo yanavyokwenda", nikamwona jirani yangu anavyonisalimu kila Jumapili. Kisha nikaweka alama kwa Wino Mpya. Kama jirani anasoma humu, nitakuja nyumbani mwenyewe kukwambia, usisikie kwa watu.

Kikokotoo alikuja. Alinyeshewa kwenye foleni, Bi Maabara ni shahidi, alipita makusudi kuja kumpiga picha.

Daftari limefika theluthi mbili ya kurasa. Makosa ya kukokotoa kwa ngazi ya zamani si mimi peke yangu, tumeshawapata wengine wengi, na barua ya kudai marekebisho yao iende pamoja na ya awamu ya Julai, isingoje nyingine. Karatasi ya watu wa muda imejaa upande mmoja, sasa tumegeuza.

Jambo moja lililobaki linahitaji msaada wenu. Yule mama wa Kakamega: faili la marehemu lina kila kitu isipokuwa nakala ya barua ya kupandishwa cheo ya mwaka 2018. Ofisi ya wafanyakazi inasema haiioni. Barua za mwaka ule zilichapwa na karani mmoja aliyehamia kampasi ya mjini kisha akastaafu. Anayejua anapatikana wapi anitumie ujumbe wa faragha, asiandike jina wala namba yake hapa.